Kijakazi, Denge na yule paa: nani akae nyumba gani?

*Swali: Maalim, assalaam alaykum na shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, Wete. Sisi wa dahalia moja sote tumesoma vitabu vya Harry Potter, na muhula huu tumeanzisha mchezo wa kuwagawa wahusika wa riwaya zetu na wa hadithi za bibi katika nyumba nne za ile skuli: Gryffindor ya mashujaa, Ravenclaw ya wenye akili, Hufflepuff ya wachapakazi waaminifu, na Slytherin ya wajanja wapenda makuu. Tunaandika sifa za mhusika, tunazihesabu, na nyumba yenye sifa nyingi inamchukua (orodha yetu nimeiambatisha). Lakini tumegombana mpaka wawili wetu hawasemezani. Denge wa riwaya ya Vuta N'kuvute alipata alama sawa nyumba tatu. Kijakazi, yule mtumishi wa riwaya ya Kasri ya Mwinyi Fuad, wengine wanamtia Hufflepuff, wengine wanasema kumweka huko ni kumtukana. Slytherin imejaa wabaya watupu. Na yule paa wa Sultani Darai mmoja wetu kasema hana nyumba. Tunakosea wapi? Na wewe, Maalim, ungekaa nyumba gani?*

Waalaykumu salaam mwanangu, na marahaba. Hao wawili wapatanisheni leo leo, maana nikifika kwa Kijakazi utaona kila mmoja ana haki yake.

Kosa lenu liko kwenye kuhesabu, nalo mmelirithi kwetu sisi walimu. Tangu mnaingia sekondari tunakuulizeni: "Taja sifa nne za mhusika fulani." Mtoto anaandika ana msimamo, ni jasiri, ana huruma, ni mchapakazi. Anapata alama zake nne na kufunga daftari. Sasa zichukue sifa hizo nne umvishe Denge wa Vuta N'kuvute, kisha Rashidi wa Kuli, kisha hata yule mpelelezi Bwana Msa na kiko chake mdomoni. Zitawakaa wote watatu kama kanzu ya kuazima: hapa inavuta, pale inapwaya, lakini inavalika. Ndiyo maana Denge kapata alama sawa nyumba tatu. Mngeendelea kuandika mpaka kengele ya kulala, angepata na ya nne.

Wewe ni mtu wa Wete, karafuu sina la kukusimulia. Lakini ikumbuke ile siku ya kupeleka mzigo kituoni. Zimeshachambuliwa makonyo, zimekaa juani siku kadhaa juu ya jamvi, zimegeuka rangi, na kwa macho gunia zima ni moja. Mpokeaji anayeijua kazi yake hatazami sana. Anazamisha mkono mpaka ndani ya gunia (juu kila mtu hupanga vizuri), anachota ukufi mmoja, anachagua karafuu moja na kuivunja kwa vidole. Iliyokauka inakatika, unasikia mlio mdogo. Yenye maji inapinda.

Mhusika naye mvunjeni. Acheni swali la "ni mtu wa namna gani", tafuteni ukurasa ambao vitu viwili anavyovipenda haviwezi tena kukaa pamoja, lazima kimoja kiende. Kile anachokataa kukiachia ndicho kinachomtafutia nyumba. Akishikilia jambo analoliona la haki, hata limpotezee watu wake, huyo wa Gryffindor. Akimshikilia mtu, hata jambo liharibike, Hufflepuff. Wako wasioweza kulala mpaka wajue kulikuwa na nini, na wakishajua hawakubali kujifanya hawajui. Hao wapeni Ravenclaw. Na anayeshikilia mahali anapotaka kufika, cheo au jina lake, Slytherin. Ujasiri, bidii na werevu viacheni nje ya mizani, kwa sababu kila nyumba ina watu wenye navyo.

Hili sikulizua. Rudini kwenye vitabu vyenyewe. Hermione ndiye mwenye akili kuliko darasa zima, na mwenyewe anasema kofia, ile ya uchawi inayowagawa wanafunzi, ilifikiria kumpeleka Ravenclaw, lakini yuko Gryffindor. Neville ana woga mpaka unamwonea huruma, naye yuko Gryffindor, na tunasubiri mpaka kitabu cha mwisho, cha mwaka 2007, ndipo tunamwona na upanga mkononi. Pettigrew alikuwa wa nyumba hiyo hiyo ya mashujaa, na ndiye aliyewauza rafiki zake. Kama kofia ingekuwa inahesabu sifa kama nyinyi, hao watatu ingewakosea wote. Halafu yuko Harry mwenyewe. Kofia inamwambia Slytherin ingemfikisha mbali, mtoto anaomba moyoni asipelekwe huko, na kofia inamsikiliza. Baadaye mkuu wa skuli anamfahamisha kwamba kule kuomba kwake ndiko kulikokuwa na uzito. Kwa hiyo aliyeitunga skuli hiyo hakukusudia nyumba ziwe makabati ya sifa. Wasomaji ndio tuliozifanya hivyo, kwa kuwa makabati yanapendeza.

Hapa niingize jambo la pembeni. Nyumba katika skuli za bweni za Uingereza zilianza kuwa nyumba kweli, majengo waliyolala wanafunzi, na mtoto aliingia hii au ile kwa nafasi, kwa ndugu yake aliyetangulia, au kwa mwalimu kupanga tu. Wala haifai kuwaweka wenye mbio wote upande mmoja, maana mashindano ya riadha yatakuwa yameisha kabla ya filimbi. Skulini nilikosoma mimi mwalimu wa michezo alitupanga mstari akahesabu moja, mbili, tatu, nne, na nilikuwa kijani miaka minne kwa sababu siku ile nilisimama nyuma ya mtoto wa jirani yetu. Kugawa kwa tabia ni fikra ya mtunzi. Ni fikra nzuri kwa hadithi, lakini ina mtego ndani yake, na mtunzi mwenyewe anaujua: katika kitabu hicho cha mwisho yule mkuu wa skuli anamwambia mwalimu Snape kwamba pengine wanawagawa watoto mapema mno. Wana miaka 11 tu.

Tuje kwenye lugha, kwa sababu nusu ya ugomvi wenu ni wa maneno. Hizo sifa nne ziliandikwa kwa Kiingereza, nanyi mmezipa majina ya Kiswahili bila kuangalia majina hayo yanabeba nini.

Slytherin mmeiita ya wapenda makuu. Nitajie mtu mmoja uliyewahi kumsikia akisifiwa barazani kwamba anapenda makuu. Hayupo. Kwetu neno hilo ni lawama tayari, na "tamaa" nayo ina methali yake inayoishia kwenye mauti. Umemhukumu mtu kabla hujamfungua. Ndipo Slytherin yenu ikageuka jaa: Maksuudi wa Utengano mtupeni humo, Fuad bwana wa Kijakazi mtupeni humo, Idi wa riwaya ya Kiu naye humo humo. Badilisheni jina la nyumba. Iiteni ya wenye nia ya kufika, kisha muone nani wanaingia. Yuko Sungura, ambaye kila mtoto wa Kiswahili yu upande wake, na hana kitu cha kushikilia ila kichwa chake kisiliwe na simba. Na mtu mwema anayejinyima miaka kumi ili mwanawe asome naye mngemwita mpenda makuu? Hamthubutu. Lakini kofia ingemfikiria.

Maksuudi wa Utengano hata baada ya hapo atabaki Slytherin, ila kwa sababu nyingine na mliyoiandika. Nyinyi mmeandika "mnafiki, katili, mzinzi". Hizo ni dhambi zake, hazisemi anakaa wapi. Mvunje. Anapotakiwa kuchagua kati ya watu wa nyumbani kwake na jina lake mbele ya watu wa nje, kila mara anabakiza jina. Mkewe na bintiye anawafungia ndani ili jina lisiguswe, na yeye mwenyewe yuko nje analichafua usiku. Huo ndio mlio wake. Fuad wa Kasri ya Mwinyi Fuad nilimsikiliza vivyo hivyo na sikusikia kitu. Huyo hana anakotaka kufika, amezaliwa ameshafika. Anakula mali ya babaye na kuwatukana wanaompikia. Mtu wa namna hiyo msimpe nyumba yoyote, hata Slytherin ina masharti.

Gumu zaidi ni "uaminifu". Kwa Kiswahili mwaminifu ni yule asemaye kweli, asiyeiba, ukimwachia duka utalikuta. Na mwaminifu ni yule asiyekutupa. Neno moja, mambo mawili, na mara nyingi hatuoni tofauti kwa sababu mtu mmoja huwa nayo yote. Hufflepuff inataka hasa lile la pili. Na hapo ndipo aliponaswa mwenzenu aliyesema paa hana nyumba.

Mkumbuke paa alivyo. Hadithi hii mmisionari Mwingereza, Edward Steere, aliichukua hapa Unguja akaichapa mwaka 1870, lakini bibi zetu hawakuisoma kwake. Masikini anachakura jaani kutafuta punje za mtama, anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Watu wanamcheka. Paa anajua kusema, naye anaokota almasi porini. Badala ya kuipeleka kwa bwana wake aile, anaipeleka kwa Sultani kama posa: bwana wangu anataka binti yako. Halafu anarudi na kumwambia masikini asifungue mdomo. Anamkogesha mtoni, kisha anakwenda kwa Sultani kusema kwamba bwana wake tajiri kavamiwa njiani na wezi wamemvua kila kitu, na Sultani anatoa nguo na farasi. Baadaye anakwenda kwenye nyumba kubwa ya joka moja, analiua, na mali yote anampa bwana.

Basi mhesabu sifa zake. Ushujaa, kaua joka. Akili, hakuna anayemfikia. Ujanja, kamdanganya Sultani mchana kweupe. Uaminifu? Mwenzenu kasema hapana, mwongo si mwaminifu. Kwa maana ya kwanza ya neno kasema kweli. Lakini mvunjeni paa. Anaye bwana, na anayo kila nafasi ya kuondoka: ana miguu minne, ana almasi, ana ulimi. Harudi kwa ajili ya cheo, hakipati. Anarudi kwa sababu mtu yule alimnunua kwa thumuni yake ya mwisho. Akili, ujanja na upanga vyote ni vyombo vya kazi, na kazi ni moja. Hufflepuff, wala sibishani. Kisha anaumwa, na bwana aliyetajirishwa anaamuru apewe uji wa mtama mbovu, na akifa atupwe kisimani. Mama yangu kila akifika hapo alinyamaza kidogo, akashusha pumzi, kabla hajasema masikini aliamka akajikuta yuko jaani anachakura. Hadithi ile inakuuliza huyo masikini yeye ni wa nyumba gani, wala haina haja ya kulijibu.

Sasa Kijakazi.

Nilipokuwa bado nafundisha niliwahi kuucheza mchezo kama wenu, ila si kwa karatasi. Nilisukuma madawati ukutani, nikachora kwa chaki miraba minne sakafuni, nikawa nataja mhusika na kila mwanafunzi anakwenda kusimama kwenye mraba anaoona ni wake. Nilitaja Kijakazi. Darasa karibu zima likajazana mraba wa Hufflepuff, wanasukumana, wengine kidole kimoja tu cha mguu ndiyo kiko ndani. Kijana mmoja wa nyuma hakwenda. Alitoka kwenye madawati akaenda kusimama mlangoni, nje ya miraba yote, mgongo kwenye fremu. Nikamwambia chagua. Akasema, "Maalim, yeye nani alimwambia achague?"

Nilikuwa na jibu la mwalimu tayari mdomoni, nikalimeza.

Kijakazi anamtumikia Fuad tangu alfajiri mpaka usiku, anatukanwa, na anaona kazi hiyo ndiyo aliyoumbiwa. Ukihesabu sifa, hapana mhusika wa Hufflepuff kumzidi: bidii, subira, kutomtupa bwana wake. Lakini jaribu kumvunja kama nilivyoeleza, utafute ukurasa wenye vitu viwili anavyoweza kuchagua. Utafungua na kufungua. Paa alikuwa na pori nyuma yake. Kijakazi nyuma yake hana kitu, amekulia katika nyumba ile na dunia nzima imemwambia kwamba hakuna nyingine. Alichonacho kinafanana na uaminifu, ila Kiswahili kina neno lake: utiifu. Ukitaka kujua lipi ni lipi, uliza angefanywa nini lau angeacha.

Kwa hiyo anayesema Hufflepuff ameuona moyo wa yule mama, na hakukosea. Anayesema ni tusi ameziona kuta za ile nyumba. Mimi namwacha mlangoni pamoja na yule kijana. Nyinyi mnaweza kuamua vingine, ila mkimtia Hufflepuff andikeni kando kwamba kofia haikumuuliza.

Denge hahitaji maneno mengi. Ana mpenzi wake Yasmin na ana harakati za kudai uhuru, na vinapofika mahali havikai pamoja anashika harakati. Gryffindor. Lakini mngemwangalia Yasmin kwa jicho hilo hilo. Naona kwenye orodha yenu mmemwandika "mpole, mzuri, ana mapenzi" na kumtupa Hufflepuff, na kwa hilo nitakukasirikieni kidogo. Msichana mdogo kaozwa mzee asiyempenda. Anamkimbia Mombasa na kurudi Unguja peke yake, na jamaa zake wanamfungia mlango. Anajua njia ya kurudi ndani ni moja tu, akubali. Hakubali. Denge anapoingia hatarini ana wenzake, ana chama, ana fikra alizosomea. Yasmin ana miguu yake tu na mlango wa Mwajuma. Kwa maoni yangu katika riwaya ile nzima hakuna wa Gryffindor kumshinda. Lakini angalieni maneno yetu yanavyocheza: mwanamume akikataa tunamwita shujaa, msichana akikataa tunamwita mkaidi, na katika orodha ya sifa "mkaidi" hamkuiwekea nyumba. Huyo Mwajuma aliyemfungulia ndiye Hufflepuff wenu. Alimpokea mtu bila kuuliza watu watasema nini.

Bwana Msa ni Ravenclaw, na hilo lisiwapotezee hata dakika. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale ilipotoka mwaka 1960 mtu yule hajawahi kushikilia kitu kingine zaidi ya kutaka kujua. Wenzake wanatetemeka na mizimu, yeye anauliza nani alipita hapa jana. Najum ni Hufflepuff kwa kuwa anamfuata kila pahala hata asipoelewa. Hawa ni rahisi kwa sababu ni wahusika bapa, wasiobadilika tangu mwanzo hadi mwisho, nami sisemi hivyo kwa dharau. Hadithi ya upelelezi inahitaji mtu asiyepinda, kama vile fundi anavyohitaji rula.

Wahusika duara, wale wanaobadilika, ndio watakaokuharibieni jedwali. Maimuna, yule binti wa Maksuudi, anayetoroka nyumbani kwa babaye na Maimuna tunayemkuta baadaye katika maisha ya baa wamebeba jina moja, lakini mmoja amefungiwa hata dirisha halijui, na wa pili ameshaiona dunia kuliko alivyotaka. Mkimpa nyumba moja mtakuwa mmeichana nusu ya riwaya. Mgaweni mara mbili, na kila mara andikeni ukurasa. Naona mngefanya hivyo kwa wote: "Denge, ukurasa fulani, Gryffindor." Mtu akibisha hataweza kusema tu "mimi naona", itambidi alete ukurasa wake. Hao wawili wasiosemezana wataanza kusemezana kwa lazima.

Abunuwasi nakuachieni wenyewe, ila nitakupeni ukurasa. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani, anasema imezaa. Jirani anapokea na kushukuru. Mara ya pili anaazima kubwa zaidi na hairudishi: imekufa. Wengi watakimbilia Slytherin, kwa kuwa kapata sufuria ya bure. Mimi nina shaka kama sufuria ndiyo aliyoitaka. Angalieni anamsubiri jirani aseme mwenyewe kwamba chombo hakifi.

Kuna jambo moja nalihofia, na najua mmeshalianza hata kama hukuniandikia. Mkimaliza wahusika mtagawana nyinyi kwa nyinyi. Ukianza kusema "fulani ni Slytherin, msimwambie siri", simameni. Mhusika ana kurasa, zimekwisha kuandikwa, unaweza kurudi ukasoma tena. Mtu hana. Mwaka 1928 Hugh Hartshorne na Mark May wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima maelfu ya watoto wa skuli, nani anaiba mtihani, nani anasema uongo, nani anarudisha pesa. Mtoto aliyedanganya katika hesabu mara nyingi hakudanganya mchezoni, na aliyesema kweli nyumbani hakuwa lazima wa kweli darasani. Walikuta kwamba mahali na hali vilikuwa na nguvu kuliko walivyotazamia. Wanaopima tabia siku hizi nao hawatumii masanduku. Wanatumia vipimo vitano, na kila mtu yuko mahali fulani kwenye kila kimoja, kama urefu.

Na kwa nini basi kila mtu akiambiwa nyumba yake anasema "wallahi ni mimi huyo"? Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo yake kwa siri na kumwomba aseme yanamfaa kiasi gani, kuanzia 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Ndipo akawaambia wasomeane. Karatasi zote zilikuwa moja, na sentensi nyingi alizitoa kwenye kitabu cha nyota. "Una uwezo mkubwa ambao bado hujautumia," na mengine ya namna hiyo. Nani atakataa?

Wala kugawa watu wanne wanne hakukuanzia kwenye ile kofia. Tabibu Galen aliwagawa katika karne ya 2 kwa maji ya mwilini: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Ibn Sina akayapanga upya katika utabibu wake, na kwa njia hiyo yakafika mpaka kwa waganga wetu wa pwani. Watu wamesahau elimu yenyewe, ila balghamu wanaendelea kuitema kila kukicha.

Umeniuliza mimi ningekaa wapi. Mimi mwenyewe nilijipa Ravenclaw bila kusita, kama mwalimu yeyote. Kisha nikaona nifuate kanuni yangu, nikamuuliza mke wangu, aliyekuwa kibarazani anapeta mchele. Nilimweleza nyumba zote nne, na kile kisa cha kuvunja karafuu. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza makapi, akaniuliza kama yule muuza samaki wa juzi nimeshamlipa. Nilikuwa sijamlipa. Akasema, "Basi kamlipe kwanza, ukirudi nitakwambia."

Nimeandika haya nikiwa nimeshatoka kumlipa, na bado hajaniambia.